Kaniki Iliyoamka Nyeupe

Kama umeambiwa usile ngano tena maisha yako yote, na juu ya hayo umekaa ndani huwezi kutoka, njoo tukae. Elimu ya tumbo sina. Tumbo lenyewe ndilo ninalo. Na ninayo mambo niliyoyaona katika chumba kimoja hapa Msambweni ambayo hata nikiyasimulia mchana wa jua kali, vinyweleo vinanisimama.

Mume wangu alikuwa akioka mikate. Nilimwita Baba Rukia, kwa jina la binti yetu wa pekee. Baba yake naye alikuwa mwoka mikate, katika nyumba hii hii, na boflo zao zilikuwa zikitafutwa mpaka Ramisi. Mimi niliolewa ndani ya unga. Nikiamka unga, nikilala unga, nikikung'uta mto unga. Kumbe ndio uliokuwa ukinila mimi, polepole, kabla sijaujua.

Nilianza kwa kuharisha. Kisha tumbo likawa linafura jioni kama la mja mzito, na wanawake wa mtaani wakanitazama wakacheka, "Ehe, bibi, uzeeni tena?" Mwaka uliofuata hakucheka mtu. Nilikonda hata pete ikawa inaangukia kwenye beseni la vyombo. Nywele zikatoka na kitana. Midomo vidonda, miguu haina nguvu, na akili ikaingiwa na ukungu, naweza kusimama jikoni nimeshika mwiko nisijue nilitaka kukoroga nini. Benchi za hospitali nilizijua zote, hata ile yenye mguu mfupi inayokurusha jirani yako akiinuka. Nilipimwa kifua kikuu, nikapimwa amiba, nikapimwa sukari, nikapimwa na ule ambao watu hawautaji. Nilimeza dawa za minyoo mpaka nikawahurumia minyoo, kama walikuwamo.

Mwisho nilipelekwa Mombasa. Daktari alikuwa binti wa bara, mpole, aliyenitia mpira wenye kamera kooni na kuniomba radhi huku akiutia. Siku ya majibu alisema, "Mama, ugonjwa huu unaitwa seliaki. Dawa yake ni moja tu. Ngano usiiguse tena, hata chembe. Chapati, mahamri, mkate, tambi, kaimati, vyote basi."

Nilicheka. Nikamwambia, "Daktari, mume wangu anaoka mikate."

Akaweka kalamu chini. "Pole sana, mama," akasema.

Baba Rukia yeye hakucheka. Alikaa kibarazani mpaka adhana ya magharibi, kisha akaniambia, "Miaka yote hii nakulisha sumu kwa mkono wangu." Wiki ile ile alibomoa tanuri la uani akahamishia kazi kwenye kibanda karibu na soko. Huko huko alioga na kubadilisha nguo, akarudi nyumbani ananukia sabuni kama bwana harusi. Nami nilipona, alhamdulillahi. Nilirudi kuwa mtu.

Msinionee huruma ya chakula, tafadhali. Sisi watu wa pwani tulikuwa hatuli ngano kabla hatujazoeshwa. Nilitwanga mchele wangu mwenyewe kwenye kinu changu, kwa sababu mashine ya mtaani inasaga ngano ya fulani kisha mchele wako juu yake. Nilipika vibibi, chapati zetu laini za mchele, kwa tui zito. Nilipika mkate wa kumimina, mchele na nazi na hamira na iliki, unaumuka mpaka unajaa sinia. Vitumbua, muhogo wa nazi, ndizi mbichi na samaki mkavu, sima ya mtama na mboga ya mchunga. Rukia, anayefanya kazi hoteli moja Diani, aliniletea biskuti za wazungu wenye ugonjwa kama wangu. Nilitafuna moja. Nikamwambia, mwanangu, wape pole zangu hao wazungu.

Na katika miezi ya mwisho, Baba Rukia alikuwa na kazi yake moja ya baada ya sala ya alasiri. Anachukua ngazi, anapanda darini, juu ya kile chumba cha ndani. Nikimuuliza anasema, "Naziba makuti, panavuja." Nami sikunyamaza, maana mimi si mtu wa kunyamaza. Nilimwambia, fundi gani wewe, unaziba kila siku na paa linavuja vile vile? Akacheka tu.

Akafa kibandani, kaskazi ikiisha, mikate ya jioni imo tanurini. Presha. Aliyekuja kunipa habari alikuwa bado na unga mikononi.

Basi nikaingia eda. Kwa asiyejua, mke aliyefiwa na mumewe hukaa ndani ya nyumba ya mumewe miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hatii manukato, hatoki ila kwa dharura, na sisi kwetu huvaa nyeupe. Mimi nilitaka kumkalia mume wangu eda kamili, hata siku isipungue. Hiyo ndiyo heshima ya mwisho niliyokuwa nayo mkononi. Wifi yangu, Mwanamisi, dada mkubwa wa marehemu, alishuka kutoka Mkongani na kapu la muhogo kuja kukaa nami. Naye akasema, "Wifi, chumba cha mbele ni cha wageni na wanaume. Wewe utakaa cha ndani."

Kile chumba cha ndani hatukuwa tukikilala. Zamani kilikuwa stoo ya baba mkwe. Dari yake ni boriti na fito, imetandikwa mikeka mikongwe, na juu ya dari ni paa la makuti. Chumba kina giza la saa zote. Nikaingia na kitanda changu, na mtungi wangu wa maji, na vyombo vyangu vyote.

Hapo nieleze, maana ndipo kosa lilipo. Wanaokuja kuhani msiba hawaji mikono mitupu. Mahamri, kaimati, chapati, kila sinia linaloingia ni ngano, na jikoni hapana pa kuweka hata kijiko kisichoguswa. Nikaona nitalinda chakula changu kwa akili zangu. Nikatundika susu kwenye boriti ya chumba cha ndani, lile la kamba la kizamani la kuwekea chakula paka asifike, nikaweka humo vibibi vyangu, wali wangu, sahani na kikombe changu. Hakuna mkono wa mtu ambao ungefika. Nilijiona mjanja sana.

Masika ilikuwa nzuri. Mvua ilinyesha, nililia, nilikula, nililala. Ndipo kusi ikaanza kuvuma.

Alfajiri moja nimeamka kabla ya adhana, nikasikia juu yangu sauti ninayoijua kuliko sauti yangu. Chrr. Chrr. Chrr. Ni chekecheke. Ni mtu anachekecha unga. Miaka yote ya ndoa yangu niliamshwa na sauti ile, na mwenye kuitoa nilikuwa nimemzika. Nikaita, "Baba Rukia?" Ikanyamaza kidogo. Kisha chrr, tena. Susu likawa linayumba polepole gizani, na dirisha la chumba kile limezibwa kwa mawe tangu enzi za baba mkwe.

Siku ile ile tumbo likafura. Kesho yake nikaharisha, vidonda vikarudi mdomoni, na ukungu ukaingia kichwani. Nilikuwa nimekula nini? Vibibi vyangu, kutoka susu langu. Nikapata nafuu siku mbili tatu upepo ulipotulia, kisha upepo ukarudi, na chrr ikarudi, na ugonjwa ukarudi. Ikawa hivyo hivyo. Akija, naugua. Asipokuja, napata nafuu. Nilianza kunusa mkate asubuhi, mkate unaoiva, ndani ya nyumba isiyo na tanuri.

Niliogopa, sitaficha. Niliogopa kufa na niliogopa zaidi kwamba sehemu yangu moja ilikuwa inangoja ile sauti.

Wifi Mwanamisi alisikia pia. Alikuwa akilala mkekani mlangoni mwangu. Asubuhi moja alinitazama nikiwa nimekunjamana, akasema taratibu, "Wifi, ndugu yangu hajaondoka. Alikupenda mno. Aliyekufa akimpenda mtu mno humwita."

"Basi mwambie mimi sijamaliza kazi zangu," nikamwambia.

Akafukiza ubani. Akaenda kwa mwalimu wa madrasa akaniletea kombe, aya zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe ya kuosha kwa maji na kunywa. Nikaiweka sahani kwenye susu, pahali pa usalama, ili ninywe kidogo kila alfajiri. Nilinywa, nikaugua kuliko mwanzo. Wifi akashika kichwa. "Astaghfirullah. Hata kombe amelikataa!"

Rukia alipokuja siku yake ya mapumziko, alinikuta siwezi kusimama bila kushika ukuta. Akanitazama, akatazama masinia ya mahamri jikoni, akamgeukia shangazi yake. "Shangazi, mama unampa nini?"

"Nampa nini vipi?"

"Daktari alisema hata chembe. Nyinyi mnaona hii ngano ni mchezo. Umempa, si umempa? Umesema kidogo hakimdhuru."

Lo! Neno lile lilianguka kama sahani. Wifi Mwanamisi, mwanamke aliyewalea wadogo zake wote baada ya mama yao kufa, alitoka uani, akatia udhu, akarudi akaapa mbele yetu kwamba hajaniwekea ngano kinywani. Kisha akakaa chini akalia kwa sauti. "Nimemzika ndugu, sasa niitwe muuaji wa mkewe."

Rukia naye analia. "Mama, twende Ukunda kwangu. Hapa unakufa. Si unaona mwenyewe unakufa?"

"Atoke eda?" wifi akasema. "Watu watasemaje?"

"Watasema walivyozoea kusema, shangazi. Wakija kumzika watasema vizuri zaidi?"

Nikawaambia wote wawili wanyamaze. Sikutaka kutoka. Wala sikutaka kufa. Niliwaambia wanipe mpaka Ijumaa, na kama sijainuka, Rukia anichukue nikiwa maiti au mzima.

Usiku ule wifi alifanya jambo alilofundishwa na bibi yake. Kitanda changu ni cha watu wawili, nami bado nilikuwa nikilala upande wangu. Akatandika upande mtupu, upande wa marehemu, kaniki mpya, nyeusi tii. Alisema wafu hawapendi kulala juu ya nyeusi, atakuta pamezibwa na atarudi alikotoka. Sikumpinga. Nikasoma dua nikalala, na upepo nje ukavuma.

Nikaamshwa na ukelele wake. Mwanga wa asubuhi ulikuwa unaingia mlangoni, naye amesimama pale na kandili mkononi, mdomo wazi, ananionyesha kidole kando yangu.

Kaniki ilikuwa nyeupe.

Nyeupe yote, toka kichwani mpaka miguuni, weupe mwembamba uliotandazwa sawasawa, na ubavuni mwangu, pale mkono wangu ulipokuwa umelala, umebaki mkono mweusi. "Alilala hapa," wifi ananong'ona. "Wallahi alilala hapa."

Mimi nilitazama, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi mwili wangu ulitulia. Nikapitisha kidole. Nikakisugua na dole gumba, kama nilivyofundishwa na baba mkwe mwezi nilioolewa. Chokaa inakwaruza. Vumbi la makuti linachafua. Kile kilikuwa laini, kinateleza, kisha kinanata kidogo kwenye jasho.

"Wifi," nikasema, "huu ni unga."

Tukatazama juu sote. Chrr, ikasema dari. Na tukaona, kwenye ule mwale wa mlango, unateremka. Mwembamba kama moshi, unapita kati ya fito, unateremka kwenye susu langu, kwenye kikombe changu, kwenye mtungi wangu usiofunikwa. Katika nguo zangu nyeupe na shuka zangu nyeupe nani angeuona? Nilikuwa nimekusanya chakula changu chote nikakitundika chini ya ngano, nikakaa nikajisifu.

Rukia alimpigia mwalimu simu kabla ya kunywa chai, naye akaja akaongea nami kutoka nyuma ya pazia. "Bibi, dharura ni dharura. Nyumba ikikudhuru, una ruhusa kuhamia kwa binti yako, na eda yako ni sahihi. Na kama mnaweza kuliondoa dhara na ukabaki, hilo nalo ni zuri. Nafsi yako ni amana, usiipoteze ukidhani ni ibada."

Nilisema nitabaki, dari ifagiliwe. Rukia alikunja uso, lakini akakubali kwa sharti kwamba nisikanyage chumba kile mpaka kioshwe kwa maji. Nikakaa kwenye kona ya ua, ukutani, kitambaa kibichi puani. Ngazi ilipoletwa, Rukia akaishika apande. Wifi Mwanamisi akamsukuma kando.

"Ni unga wa baba yangu, magunia yake aliyaweka huko juu," akasema. "Nitapanda mimi."

"Shangazi, na magoti yako?"

"Magoti yangu umeyauliza leo?"

Akapanda. Tukasikia mikeka ikikwaruzwa, kisha mikwaruzo ikakoma. Nikaita kutoka uani, "Wifi! Kuna nini?" Nikaita tena, nikadhani sasa amemwona.

Akateremka kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa umeshika ufagio wa chelewa, na kwenye ufagio limefungwa pande la msuli wake marehemu, ile shuka ya kiunoni, nililolijua, kwa maana nilimnunulia mimi. Akaja mpaka nilipokaa, akachuchumaa mbele yangu. Uso wote mweupe, na machozi yamechimba mifereji miwili.

"Kuna unga wa tangu enzi za baba," akasema. "Umeganda kama udongo, umejaa kote. Lakini upande wa huku, wifi, upande wa juu ya mlango, ni safi. Umefagiliwa na kupanguswa kwa maji, mpaka fito zinang'aa. Na ndoo yake iko, na kitambaa cha kufungia pua kimetundikwa msumarini. Amefika nusu."

Hapakuwa na kuti hata moja lililozibwa.

Nilikumbuka kila alasiri na ile ngazi, na ule mdomo wangu. Alijua unga uko pale na alijua chembe moja inanitosha. Alikuwa akiuvunja pande kwa pande, akiuteremsha kimyakimya nisitishike, akafa katikati. Na ule alioulegeza akauacha ndio uliokuwa ukichekechwa na kusi kila alfajiri.

Rukia akamshika shangazi yake miguu, akamwomba radhi. Wifi akamwinua. "Nyamaza, mwanangu. Njoo unishikie ngazi, kazi ya watu haijaisha." Akachukua ufagio wa nduguye, akapanda tena, akafunga kile kitambaa chake puani. Mpaka adhana ya alasiri, wakati ule ule wa marehemu, wifi alikuwa amemaliza ile nusu.

Waliosha chumba kwa maji na sabuni, boriti kwa boriti. Vyungu vyangu vya udongo na kinu tulivitoa, maana udongo na mti hunywa, tukanunua vipya. Mtungi mpya ukapata kawa la kuufunika. Susu likachomwa moto. Na wewe unayekaa ndani na ugonjwa huu, umeshafunika, umeshatenga mwiko, umeshasaga kivyako, na bado unaumwa, basi inua shingo. Tazama juu ya pale unapoweka chakula chako. Ulale na kitu cheusi usiku mmoja.

Nilianza kupona kabla ya mwezi kuandama. Wifi alijifunza vibibi vyangu, akawa anavila kuliko mimi, akidai anaonja. Mahamri ya wageni aliyapokea kwa heshima mlangoni, akayapeleka kwa jirani. Lakini kila alfajiri niliamka mapema nikasikiliza, na juu palikuwa kimya. Kimya kile ndicho kilichonifanya nifiwe na mume wangu mara ya pili. Nililia zaidi katika uzima kuliko nilivyolia katika ugonjwa.

Siku ya mwisho ya eda, jioni, niliumua mkate wa kumimina wa kufungulia eda. Wifi akaniandalia maji ya kuoga na kanga mpya. Nililala chumba kile kile cha ndani, kwa kuagana nacho. Sijui kwa nini, nilitandika ile kaniki upande wa marehemu. Ilikuwa imefuliwa, nyeusi kama siku wifi alipoitandika.

Kabla ya adhana nikasikia. Chrr. Chrr. Chrr.

Usiku ule hapakuwa na upepo. Dari nimeiona kwa macho yangu, nilipandishwa ngazi na Rukia mwenyewe, haina kitu. Sikuita. Nililala tu, nikamsikiliza akimaliza kazi yake, polepole kama kawaida yake, mpaka muadhini alipokohoa kwenye kipaza sauti na ile sauti ikakoma.

Kulipopambazuka niligeuka nikapapasa ubavuni mwangu, upande wote, mpaka ukingoni. Nikakitazama kiganja. Kaniki ilikuwa nyeusi tii, haina hata chembe. Nikaikunja, nikaenda jikoni, nikakata kipande kikubwa cha mkate wangu nikakila nimesimama mlangoni, kisha nikatoka nje.